Siagi Ikinyamaza

Jumamosi ya kuamkia Matawi tulishuka sokoni Debre Markos,
mimi na mavyaa wangu Ayalnesh,
kununua tusichoruhusiwa kula.
Muuzaji akafunua jani pana: bonge la manjano
linatoka jasho kama mtu aliyekuja kwa miguu.
Mavyaa akachota chembe kwa ukucha,
akaisugua mgongoni mwa mkono, akanusa.
"Ng'ombe wa hii alilala na moshi."
Akanusa ya pili. "Hii ina maji ya mwongo."
Ya tatu hakuisemea neno. Tukapima kilo nne.

Mfungo wetu ni siku hamsini na tano.
Nyama hakuna, yai hakuna, maziwa hata tone.
Dengu, kabichi, shiro, halafu dengu.
Ukiota samli unaamka na hatia.
Na humo humo ndani ya njaa
ndimo siagi ya Pasaka inamopikwa,
jirani wote wanaisikia harufu
na hakuna anayeitaja.

Chungu juu ya mafiga, kuni za mkaratusi, moto mdogo.
Bonge likakaa. Likakataa.
Kisha likalegea pembeni, likajiachia.
Nikatia kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa,
uwatu niliokwisha kuukaanga,
iliki ya mlimani, maganda na vyote,
manjano ncha ya kijiko, mrehani mkavu,
na koseret, majani yanayonukia
kama kabati la kanisa likifunguliwa.

Mwaka jana niliiunguza.
Nilikuwa bibi arusi wa miezi mitatu,
niligeuka kumjibu Getinet aliyetafuta soksi,
kurudi, chungu cheusi.
Mavyaa alikuwa amekaa pale pale, kwenye kigoda chake,
hatua moja kutoka motoni.
Hakunigombeza.
Aliyachukua yale mafuta meusi akapaka bawaba,
na tangu siku hiyo mlango wa jikoni haulii.
Kila nikiufungua nazikumbuka kilo tatu.

"Nitajuaje imeiva," nikauliza, "na kuonja ni mwiko?"
"Sikiliza," akasema.
"Kwanza ni mvua juu ya bati.
Hayo ni maji, yanaaga.
Maji yakiongea, siagi haina nafasi ya kusema.
Halafu ni wanawake wawili wanaotetana kwa sauti ya chini.
Halafu mmoja anakwenda zake.
Ikinyamaza, epua. Usingoje ikuite."

Nikakaa kimya. Mvua ikanyesha chunguni.
Povu likapanda, jeupe, likapasuka.
Mavyaa alikuwa akiukodolea macho mdomo wangu.
"Imenyamaza?" akauliza.

Mvua ilikuwa bado inapiga, jamani,
hata paka aliyelala kwenye gunia alikuwa na sikio moja juu.

Ndipo nikaelewa kigoda, hatua moja,
chungu cheusi, na kwa nini hakugomba.

"Bado, mama," nikasema, kwa nguvu kidogo,
si kwa nguvu ya kumwambia kwamba najua.
"Wanatetana wale wawili."
Akacheka. "Wanamteta nani?"
"Wewe."
Akanipiga kofi la begani kwa kitambaa cha kuchujia.

Mmoja akaenda zake.
Chini kukatulia mchanga wa hudhurungi,
juu mafuta safi, unaona mpaka ufa wa chungu.
Nikamgusa goti. Tukaepua pamoja.
Tukachuja, tukajaza mtungi hadi shingoni,
tukaufunika, tukaulamba kwa macho.

Usiku wa Pasaka, misa imekwisha, jogoo wa kwanza,
nikachota kijiko kizima nikatia kwenye mchuzi wa kuku
uliokuwa umeivia vitunguu tangu mchana.
Mchuzi ukang'aa.
Mavyaa akamega injera, akachovya, akafumba macho,
akatafuna polepole sana.
Getinet akauliza, "Vipi, mama?"
Hakumsikia.
Aliponiangalia mimi, nilijigusa sikio,
naye akainua kidole kilichojaa mafuta
akanipaka katikati ya kichwa,
pale nywele zinapogawanyika.